Bia Moja ya Jamhuri ya Shuwari

Nchi hii haipo, kwa hiyo msomaji asije akaniambia ameitambua. Wala asihangaike kuitafuta kwenye ramani, maana ramani zake zote zimefungiwa kabatini kwa sababu za kiusalama, na ufunguo wa kabati anao afisa ambaye jina lake nalo ni siri. Inaitwa Jamhuri ya Shuwari. Ina kiongozi mmoja, anayeitwa Mlezi; ina mto mmoja, unaoitenga na jirani yake, Lindamo; na kwenye mto huo, katika mji wa Mpindo, kuna daraja moja. Karibu na daraja kuna baa iitwayo Shusha Pumzi, ambayo mwenyewe ni Bi Nyamizi.

Bi Nyamizi alikuwa mjane wa makamo, mwenye sauti nene na miguu myepesi. Alisifika kwa mambo mawili: meza zake hazikunata, na hakuwahi kumpunja mteja. Sifa hii ya pili ndiyo iliyomponza.

Katika Shuwari bia haiuzwi kwa chupa. Chupa zilipigwa marufuku zamani, kwa kuwa zilikuwa na maandishi, na katika maandishi hayo mlikuwa na ujazo. Bia hutoka kwenye pipa la serikali, ikapita kwenye bomba, ikaingia katika glasi ambayo serikali huiita Bilauri ya Taifa. Bia moja ni kiasi kinachoenea katika Bilauri ya Taifa, na Bilauri ya Taifa ni chombo kinachoenewa na bia moja. Ndivyo sheria inavyosema, na wanasheria wa nchi hiyo hujivuna kwamba hawajapata kutunga nyingine isiyo na mwanya kama hiyo.

Kila mwaka, siku aliyozaliwa Mlezi, lori la Wizara ya Ujazo na Matumaini huingia Mpindo na bilauri mpya. Za zamani hukusanywa zote na kuvunjwa hadharani, huku bendi ya polisi ikipiga na wanafunzi wakishangilia. Atakayekutwa na bilauri ya mwaka uliopita ana kosa la Kulinganisha. Hilo ni zito kuliko wizi. Mwizi, kama alivyofafanua Mlezi katika hotuba iliyoanza asubuhi ikaisha watu wakiwa wamelala, huchukua kitu kimoja cha mtu mmoja; bali anayelinganisha huichukua raha ya wote.

Bi Nyamizi alikuwa na shaka. Haikuwa shaka ya mdomo, ilikuwa shaka ya vidole. Alipoosha bilauri mpya mwaka ule, kidole gumba na kidole cha kati, ambavyo zamani havikuonana upande wa pili wa glasi, vilikutana, vikapishana. Alivitazama vidole vyake. Akautazama mlango. Akaendelea kuosha.

*

Wa kwanza kuisema shaka yake kwa sauti alikuwa Mzee Ngwilizi, na bahati mbaya aliisema vibaya.

Mzee huyu alikuwa dereva wa treni enzi hizo, kabla treni haijaondolewa ili kupisha mipango ya kuiboresha. Alikuwa mrefu, mkavu, mwenye koti la shirika la reli ambalo vifungo vyake vyote vilikuwepo. Kila alipokuja alikaa kando ya dirisha; bia yake ya tatu ilipoisha aliimba wimbo mmoja wa wafanyakazi wa reli, kisha akaaga na kwenda zake nyumbani. Ilikuwa hivyo tangu marehemu mume wa Bi Nyamizi yuko hai. Mwaka ule bia ya tatu ikapita bila wimbo. Ya nne nayo kimya. Alipoletewa ya tano aliishika, akaigeuzageuza, akaita:

"Bi Nyamizi."

"Abee, mzee."

"Bia hii unaichanganya na nini?"

Bilauri zote zikashushwa mezani.

"Inatoka kwenye pipa, mzee wangu. Si unaniona nikiikinga?"

"Nakuona ukiikinga. Ilikotoka sikuoni."

"Basi simama uje utazame bomba."

"Sina haja ya kutazama bomba. Nalijua tumbo langu. Tumbo langu haliwezi kunidanganya. Kwa hiyo kuna mwingine anayenidanganya."

Bi Nyamizi alihisi uso ukiwaka moto. Jibu alikuwa nalo, lilikuwa mkononi mwake, kwenye vidole vilivyopishana. Lakini kulisema jibu hilo ilikuwa Kulinganisha. Aliwatazama wateja mmoja mmoja. Kila mtu Mpindo alijua kwamba katika kila baa kuna Sikio la wizara; asichojua mtu ni lipi. Alimtazama mwalimu wa hesabu, akaona masikio yake ni makubwa. Alimtazama muuza nyanya, akaona masikio yake ni madogo mno, kama yanayojificha.

"Kunywa, mzee," akasema polepole. "Mungu anaona."

"Mungu hanywi," Mzee Ngwilizi akajibu.

*

Mambo yangeishia hapo, watu wakaendelea kushukiana kwa heshima, kama si Ndembo. Huyu alikuwa dereva wa lori kutoka Lindamo, mtu wa kitambi na kicheko, aliyekwama mpakani kwa sababu afisa wa forodha alikuwa amekwenda kunywa chai na muhuri mfukoni. Alasiri akaingia Shusha Pumzi, akaketi, akaagiza bia. Bi Nyamizi akamletea. Ndembo akaimimina yote kinywani kwa mkupuo, akapangusa mdomo kwa mgongo wa mkono, akasema kwa ukarimu:

"Nimeionja, mama. Ni nzuri. Sasa niletee bia."

Bi Nyamizi aliganda. "Hiyo ndiyo bia, kaka yangu."

"Hii?"

"Hiyo."

Ndembo akainua bilauri, akachungulia ndani kwa jicho moja, kama mtu anayetafuta nyingine chini yake. Wateja wote waligeukia ukuta. Nyuso zao zikawa hazipo, masikio yao yakabaki.

"Mama, mimi nimezunguka," Ndembo akasema. "Kuna nchi ya baridi niliwahi kupeleka pamba. Kule ukisema bia unaletewa jagi lenye mkono, unalipakata kama mtoto. Kuna nchi ya joto kali, huko glasi ni ndogo, karibu kama hii yako, lakini wana sababu: ikiwa kubwa bia inapata moto kabla hujaimaliza. Na ukimaliza ndogo wanakuletea nyingine hata hujaomba, mpaka ufunike glasi kwa kiganja ndipo wajue umetosheka. Kuna watu ambao povu kwao ni bia. Kuna wengine ukiwapa povu wanaita polisi. Kila nchi na kipimo chake, sikatai. Lakini kote huko, mama, kwenye glasi kuna mstari."

"Mstari gani?" Ilikuwa sauti ya Mzee Ngwilizi kutoka dirishani. Ilimponyoka.

"Mstari, mzee. Umechorwa kwenye kioo. Bia lazima ifike hapo. Isipofika, unairudisha."

"Nani anauchora?"

"Serikali."

"Serikali inajichorea yenyewe mstari?"

"Ndiyo, hata kwetu Lindamo. Sisemi sisi ni malaika. Kila mwaka wanaushusha kidogo. Lakini angalau tunauona ukishuka." Ndembo akacheka kwa nguvu.

Hakuna aliyecheka naye. Mwalimu wa hesabu aliinuka akasema amekumbuka jambo. Muuza nyanya akamtazama anavyotoka, akamshuku kwamba anakwenda kushitaki, akaona ni heri amtangulie. Aliyekuwa nyuma yake akawashuku wote wawili. Kwa namna hiyo baa ikawa tupu kabla bilauri ya Ndembo haijakauka, na kesho yake ofisi ya wizara ilipokea taarifa nyingi kuliko idadi ya watu waliokuwemo.

*

Afisa Ujazo wa Wilaya aliitwa Bwana Kalikawe. Alikuwa mtu mpole, na upole wake ulitisha kuliko kelele za wengine. Alifika Shusha Pumzi asubuhi, akapangusa kiti kilichokuwa safi, akaketi.

"Mama, nimekuja kama mwanao."

Bi Nyamizi, ambaye hakuwa na mtoto, akazidi kuingiwa na hofu. "Karibu, Bwana Afisa."

"Nani alisema bilauri ni ndogo?"

"Hakuna aliyesema ni ndogo. Mgeni alisema ameonja."

"Ameonja nini?"

"Bia."

"Yote?"

"Yote."

"Kwa hiyo alikunywa bia nzima, halafu akaiita kuonja." Bwana Kalikawe akatikisa kichwa kwa huzuni. "Unaona ujanja wa Lindamo? Wanatuma watu wenye koo pana." Kisha akanyoosha mkono. "Niletee bilauri moja. Ishike. Aa, vidole vinakutana."

"Vinakutana, Bwana Afisa."

"Zamani vilikutana?"

Hapo Bi Nyamizi aliuona mtego umekaa wazi. Akisema vilikutana, anadanganya; akisema havikukutana, amelinganisha. "Zamani," akasema, "sikuwa na tabia ya kutazama vidole."

Bwana Kalikawe akatabasamu kwa mara ya kwanza. "Jibu zuri. Basi nikuambie wizara inavyolieleza jambo hili. Bilauri haijapungua. Kilichotokea ni kwamba mikono ya wananchi imekua, kwa sababu ya maendeleo." Akamshika kiganja, akakipima kwa utepe wa fundi cherehani. "Hongera, mama. Mkono wako umeendelea sana."

Alipoondoka, Bi Nyamizi alibaki ameushika mkono wake kama wa mtu mwingine.

*

Mlezi akaunda Tume ya Kiu. Tume ilizunguka nchi nzima, ikala nchi nzima, ikarudi na matokeo: bia ya Shuwari haina kasoro, ila kiu ya wananchi imeingiliwa na mambo ya kigeni. Kwa hiyo, tume ikashauri, bia isipimwe tena kwa kinachoingia ndani ya mtu, bali kwa kinachoonekana nje yake. Raia mwema akinywa Bilauri ya Taifa moja huridhika. Na mtu aliyeridhika na bia huyumba. Ikapita amri kwamba kila atokaye baa ayumbe kwa kiwango cha kuridhisha. Atakayetoka wima atahesabiwa kuwa hakuridhika, na asiyeridhika atahojiwa anataka nini zaidi.

Bwana Kalikawe akaweka kiti chake ng'ambo ya barabara, mkabala na Shusha Pumzi, chini ya mwavuli wa wizara.

Mpindo ikayumba. Walioingia kunywa walitoka wakipepesuka, macho makavu kabisa. Mama muuza karanga, aliyeingia kutafuta chenji tu, naye alitoka akijigonga mlangoni ili asiulizwe. Waendesha baiskeli waliichora barabara kama nyoka anayekimbizwa. Mwalimu wa hesabu aliyumba kwa ustadi mno, kushoto mara mbili, kulia mara moja, akashikilia nguzo, mpaka Bwana Kalikawe akamshuku kwamba anaidhihaki wizara, akamwonya apunguze. Aliyeyumba kidogo alikuwa mpinzani. Aliyeyumba sana alikuwa mzushi. Na kwa kuwa hakuna aliyejua kadiri ya katikati ni ipi, kila mtu alimchungulia mwenzake na kumwiga, huku mwenzake akimwiga yeye.

Bi Nyamizi alisimama nyuma ya kaunta akiwatazama watu wazima, wenye wake na wajukuu, wakijipanga karibu na mlango na kunong'onezana, "Tangulia wewe, nione unavyofanya." Alitamani kucheka, kicheko kikakataa kutoka.

Mtu mmoja tu hakuyumba: Mzee Ngwilizi. Aliacha kuja. Alisema yeye ameendesha treni ujana wake wote, na treni haiyumbi. Ikiyumba watu wanakufa. Alipoulizwa kwa nini haendi baa, alijibu jambo ambalo alidhani halina hatari kwa mtu yeyote wa maana:

"Nyamizi anapunja."

Maneno hayo yakafika kwenye mwavuli. Bwana Kalikawe aliyapokea kama mtu aliyeletewa maji jangwani. Kumbe ndiyo hiyo! Si bilauri, si kiu, si mkono: ni wenye baa! Wiki ile ile redio ya taifa ikatangaza kwamba wizara imegundua mtandao wa wapunjaji, unaoelekezwa kutoka ng'ambo ya mto, na kwamba Mheshimiwa Waziri wa Ujazo mwenyewe atafika Mpindo kumuumbua mpunjaji mkuu mbele ya umma. Shahidi yupo. Ni mzee mwadilifu, mstaafu, mwenye koti.

Siku iliyofuata hakuna aliyeingia Shusha Pumzi. Aliyepita mbele ya baa alivuka upande wa pili wa barabara, na huko nako aliyumba, kwa usalama.

*

Bi Nyamizi alifunga kanga yake, akaenda nyumbani kwa Mzee Ngwilizi mchana kweupe ili kila mwenye macho aone na asipate la kuongeza. Alimkuta uani, anang'arisha vifungo vya koti kwa majivu.

"Hodi."

Mzee hakuinua kichwa. "Umekuja kunihonga?"

"Nimekuja kukuuliza. Wewe ni shahidi wangu au wa wizara?"

"Wa tumbo langu."

"Wanaopunja wanapelekwa Kambi ya Ujazo, mzee. Unajua hilo. Wanashinda wakijaza mashimo na kuyafukua. Mimi na umri wangu huu."

Kitambaa kikasimama juu ya kifungo. "Hakuna aliyeniambia kuhusu kambi," akasema. "Kalikawe aliniambia utaonywa."

"Kalikawe aliniambia mimi ni mama yake."

 Kuku akapita kati yao, akaokota kitu, akaenda.

"Basi niambie wewe," mzee akasema, na safari hii sauti yake ilikuwa ya mtu aliyechoka. "Kama huchanganyi, kama hupunji, niambie kwa nini siimbi. Sema tu."

Bi Nyamizi akafumbua mdomo. Akautazama ukuta wa jirani. Akalitazama dirisha lililokuwa wazi kidogo. Akamtazama mzee mwenyewe, na wazo likamjia, likamchoma: vipi kama Sikio ni huyu? Vipi kama wimbo ule wote wa miaka mingi ulikuwa kazi? Akaufumba mdomo.

Na Mzee Ngwilizi, akimwona anafumba mdomo, akasema moyoni: kumbe kweli ananiibia.

"Ulipokwenda kumzika dada yako," Bi Nyamizi akasema hatimaye, "uliniachia nyumba hii nzima. Nikalisha kuku wako. Nikafagia hapa. Hukuja kuhesabu hata sahani. Leo umeshindwa kuniamini kwa glasi ya bia."

Akaondoka. Mzee alibaki na koti magotini, na kifungo alichokuwa akisugua kiling'aa siku ile kuliko vingine vyote, kwa kuwa alisahau kuacha.

*

Waziri alifika na msafara uliokuwa mrefu kuliko daraja, hata magari ya mwisho yakawa bado yako kwenye wilaya nyingine. Alikuwa Mheshimiwa Daktari Profesa Mhandisi Tandiko, mtu mwenye shingo ya kutosha watu wawili. Mkutano ulifanyika kwenye stesheni ya treni, ambayo kwa kukosa treni ilikuwa imepata nafasi ya shughuli za kitaifa. Jukwaa la abiria lilipambwa. Pipa likawekwa katikati, limefunikwa bendera. Bi Nyamizi akaketishwa kwenye benchi peke yake, askari kila upande. Watu wa Mpindo walijazana relini, na kwa kuwa walikuwa wametoka majumbani si baa, hawakujua kama wanapaswa kuyumba; baadhi waliyumba wakiwa wamesimama.

"Ndugu wananchi!" Waziri akanguruma. "Adui zetu wanasema bia yetu ni ndogo. Nawauliza: ndogo kuliko nini? Kimya! Hawana jibu! Kwa sababu kuliko ni neno la kigeni!" Makofi. "Nchi nyingine zina bilauri kubwa, kwa kuwa mioyo yao ni mitupu na inahitaji kujazwa. Sisi mioyo yetu imejaa tayari! Leo nitaikinga bia kwa mkono huu, mkono safi wa serikali, nimpe mzee wetu huyu. Atakunywa moja. Atatembea kutoka hapa hadi mwisho wa jukwaa. Nanyi mtaona kwa macho yenu jinsi mtu anavyoyumba akipewa haki yake bila mama huyu kuingiza mkono!"

Mzee Ngwilizi akasogea mbele, koti lake limefungwa hadi shingoni, kofia kichwani. Waziri akafungua bomba, akajaza bilauri hadi ukingoni, hata tone likamwagika, akampa huku wapiga picha wakirukiana. Mzee akanywa.

Bi Nyamizi alikuwa akimtazama koo. Aliliona likipanda mara moja na kushuka mara moja, basi. Akaona uso wa mzee ukibadilika. Haukuwa uso wa mtu aliyekunywa. Ulikuwa uso wa mtu aliyefungua mlango wa nyumba yake akakuta ndani ni kwa mtu mwingine.

"Naomba nyingine, Mheshimiwa," akasema.

Waziri akacheka na umati, akajaza nyingine. Mzee akanywa. Akaomba nyingine. Waziri akajaza. Akaomba tena, na tena. Kicheko cha Waziri kikawa kinapungua kwa kila bilauri. Kumkatalia hakuweza, maana angemwambia nini, kwamba zimekuwa nyingi? Nyingi kuliko nini? Jasho likaanza kushuka kwenye ile shingo. Wapiga picha wakashusha kamera zao.

Hatimaye Mzee Ngwilizi akarudisha bilauri kwa mikono miwili, kwa adabu, akajielekeza mwisho wa jukwaa.

Bwana Kalikawe, aliyesimama pale ukingoni, akanong'ona bila kufungua meno, "Yumba, mzee wangu. Kidogo tu. Nyumbani kwako kuna kuku wanaokungoja."

Bi Nyamizi alisikia, maana palikuwa kimya kabisa. Alimjua mzee huyu, au alidhani anamjua. Mzee akiyumba, yeye Nyamizi anakwenda kujaza mashimo. Asipoyumba, mkono safi wa serikali umempunja mtu mbele ya wilaya nzima. Akashika ukingo wa benchi.

Mzee Ngwilizi akatembea. Kwenye ukingo wa jukwaa, pale abiria walipokatazwa kusimama zamani, ulikuwepo mchirizi wa zege uliolikata jukwaa zima kwa urefu. Aliukanyaga huo, mguu mbele ya mguu, mgongo umenyooka, mikono imetulia kwenye mishono ya suruali. Hakwenda haraka, hakwenda polepole. Alikwenda kama anavyokwenda mtu ambaye nyuma yake kuna mabehewa. Alipofika mwisho akageuka, akavua kofia.

"Bi Nyamizi," akasema, na sauti yake ya stesheni ikafika hadi darajani. "Nisamehe, mama. Hata Waziri amenipunja."

Hakuna aliyepiga makofi.  Lakini wale waliokuwa wakiyumba wamesimama, mmoja baada ya mwingine, waliacha.

*

Walimkamata, bila shaka. Shida ilikuja walipotaka kumshitaki. Ili kumshitaki kwa kosa la kutoyumba, ilibidi kutaja alikunywa kiasi gani. Na kiasi kilikuwa siri ya taifa. Wanasheria wale wale waliojivunia sheria isiyo na mwanya waliizunguka usiku na mchana wakitafuta pa kuingilia, wakakuta kweli haina. Bi Nyamizi naye hawakuweza kumtia hatiani, kwa kuwa bia iliyomkosesha mzee kuyumba ilikingwa na Waziri. Wakamrudisha kwenye baa yake, wakamwonya asionekane amefurahi.

Hatimaye wakaitwa madaktari wa wizara. Walimweka mzee katika chumba chenye madirisha ya nondo, wakawa wanampa bia kila siku na kumtembeza, wakisubiri ayumbe hata kwa bahati mbaya. Baada ya kumaliza mapipa kadhaa walitangaza matokeo redioni: mstaafu huyo ana ugonjwa wa kikazi uitwao Miguu ya Reli, unaowapata waliofanya kazi muda mrefu kwenye vyombo vinavyokwenda kwenye mstari. Wagonjwa wa aina hiyo hawawezi kuyumba hata wakiridhika. Wasilaumiwe. Wahurumiwe.

Mzee Ngwilizi akaachiwa. Alikuja Shusha Pumzi alasiri, akasimama mlangoni, hakuingia.

Bi Nyamizi alimaliza kupangusa meza moja. Akapangusa na nyingine, ambayo haikuwa na kitu. Kisha akasema, bila kumtazama, "Nilikudhania wewe ni Sikio."

"Mimi?"

"Siku ile uani. Ndiyo maana sikukujibu."

Mzee akafikiri sana. "Basi tumepunjana," akasema.

"Kaa chini. Huko walikuwa wanakupa nini?"

"Bia. Kila siku. Bure."

"Ikoje?"

Mzee akatazama mlango, akatazama dirisha, akainama kumkaribia.

"Ndogo," akanong'ona.

Bi Nyamizi akacheka, kicheko kile kilichokataa kutoka miezi yote ile. Akacheka mpaka akaketi. Mzee akacheka naye. Hakuimba. Bia za kumfikisha kwenye wimbo hazikuwa zimebaki ndani ya pipa.

*

Baada ya tangazo lile la madaktari, jambo la ajabu lilienea Mpindo. Muuza nyanya alitoka baa wima. Aliposimamishwa, alieleza kwa masikitiko kwamba ujana wake alikuwa akichochea makaa kwenye treni. Mwalimu wa hesabu naye alitoka wima; kumbe kabla ya hesabu alikuwa mkata tiketi. Mama wa karanga alikuwa mlinzi wa kivuko cha reli. Kabla ya mvua kuanza, mji mzima ulikuwa umefanya kazi reli, hata waliozaliwa baada ya treni kuondolewa, na wizara haikuweza kubisha, kwa sababu kumbukumbu za reli nazo zilikuwa katika lile kabati la ramani.

Jioni moja, jua bado liko juu ya paa za mabati, Bwana Kalikawe aliuacha mwavuli wake akavuka barabara. Hakuwa na utepe. Aliketi kwenye kona, akaagiza bia, akainywa. Akaagiza nyingine. Bi Nyamizi alimhudumia kimya, akiogopa, akihesabu moyoni mitego ambayo huenda iko ndani ya ziara ile. Wateja wote walikuwa wamegeukia ukuta. Afisa alikunywa nyingi, na kadiri alivyokunywa ndivyo uso wake ulivyozidi kuwa mkavu, wa mtu anayeelewa.

Aliinuka, akafika mlangoni, akasimama. Ng'ambo ya barabara, kwenye kiti chake, chini ya mwavuli wake, alikuwa ameketi kijana mpya wa wizara, aliyetumwa kumwangalia yeye.

Bwana Kalikawe akageuza kichwa.

"Mama," akasema kwa sauti ya chini. "Mimi pia niliwahi kufanya kazi reli."

Akashuka ngazi, akaenda zake nyumbani, amenyooka kama mshale, wala Bi Nyamizi hakumuuliza stesheni gani.